Tathmini ya hatari ya matetemeko kwa majengo ya kale

Tathmini ya hatari ya matetemeko kwa majengo ya kale ni kazi ya kitaalamu ya kukadiria madhara ambayo tetemeko la ardhi linaweza kuleta kwa jengo la kihistoria, kama vile hekalu, kanisa, msikiti, ngome, mnara au magofu, na kuamua hatua za kuchukua kabla tetemeko halijatokea. Kazi hiyo huunganisha elimu ya matetemeko (seismolojia), uhandisi wa majengo, historia, akiolojia na utaalamu wa hifadhi.

Watu wengi hudhani kwamba jengo lililosimama kwa miaka elfu moja limekwisha kuthibitisha uimara wake. Dhana hiyo si sahihi. Huenda tetemeko kubwa la eneo hilo halijatokea tangu jengo lijengwe. Huenda lilitokea, na sehemu zinazoonekana leo ni zile zilizojengwa upya baadaye. Tena jengo la leo si lilelile la zamani: chokaa imechakaa, nyufa zimeongezeka, na mafundi wa vizazi mbalimbali wameongeza au kuondoa sehemu zake. Kwa hiyo umri wa jengo ni habari muhimu kwa wataalamu, lakini hauchukui nafasi ya vipimo. Mfano mmoja uliochunguzwa sana ni Hagia Sofia mjini Istanbul, Uturuki.

## Maana ya hatari

Katika lugha ya kila siku neno "hatari" hutumika kwa mambo mengi. Katika tathmini ya matetemeko hugawanywa katika sehemu tatu:

- Tishio ni uwezekano wa ardhi ya mahali fulani kutikisika kwa nguvu fulani katika muda fulani. Tishio hutoka ardhini, na binadamu hawezi kulizuia.
- Udhaifu ni kiasi ambacho jengo lenyewe litaharibika likitikiswa kwa nguvu hiyo.
- Thamani inayoweza kupotea ni watu walio ndani ya jengo au karibu nalo, pamoja na vitu visivyoweza kurudishwa, kama vile michoro ya ukutani, mozaiki, nakshi na maandishi.

Hatari ni matokeo ya mambo hayo matatu kwa pamoja. Jengo dhaifu katika nchi isiyo na matetemeko lina hatari ndogo. Jengo lililojengwa vizuri karibu na ufa hai wa ganda la dunia linaweza pia kuwa na hatari ndogo kuliko linavyodhaniwa. Kwa kuwa tishio halipunguziki, juhudi zote huelekezwa kwenye udhaifu wa jengo na kwenye kulinda watu na vitu vilivyomo.

Kuna tofauti kubwa kati ya jengo la kawaida na jengo la kale. Kwa nyumba ya kawaida lengo la kwanza ni kuokoa maisha. Nyumba ikipasuka vibaya lakini watu wakatoka salama, kanuni za ujenzi zimefanya kazi yake, na nyumba inaweza kubomolewa na kujengwa upya. Jengo la kale halina nafasi hiyo, kwa sababu nakala mpya haiwi urithi uleule. Kwa upande mwingine, mhandisi hawezi kuliimarisha apendavyo, kwani kazi kubwa mno ya kuimarisha inaweza kuharibu kile kilichokusudiwa kulindwa.

## Kukadiria tishio

### Kumbukumbu za maandishi

Vyombo vya kupima matetemeko vilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19. Muda huo ni mfupi, kwa sababu matetemeko makubwa katika ufa mmoja yanaweza kutengana kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo watafiti hurudi kwenye tarehe za wafalme, kumbukumbu za monasteri, hesabu za gharama za ukarabati na barua za wasafiri. Tetemeko la tarehe 8 Agosti 1303 mashariki mwa Bahari ya Kati, kwa mfano, linajulikana kwa njia hiyo. Waandishi wa wakati ule walieleza jinsi lilivyoharibu mnara wa taa wa Aleksandria na misikiti ya Kairo.

### Majengo kama mashahidi

Magofu yenyewe hutoa ushahidi. Nguzo zilizolala zote upande mmoja, jiwe la kati la tao lililoshuka kutoka mahali pake, au ukuta uliokatwa na kusogezwa pembeni huweza kuonyesha tetemeko la kale. Hata hivyo ushahidi huo unahitaji uangalifu, kwa sababu vita, mafuriko na kudidimia kwa ardhi pia huangusha nguzo. Vilevile nguzo nyembamba ambayo bado imesimama peke yake ni shahidi: ikiwa inajulikana kwamba mtikisiko wa nguvu fulani ungeiangusha, basi mtikisiko huo haujafika hapo tangu isimamishwe.

### Aina ya ardhi

Mtikisiko haufiki kwa nguvu sawa kila mahali. Udongo laini, hasa mashapo ya ziwa au mto, hukuza mawimbi na kurefusha muda wa mtikisiko kuliko mwamba. Bonde la Kathmandu nchini Nepal, lililokuwa ziwa zamani, ni mfano wake. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, liliua watu wapatao 9,000 na kuangusha majengo mengi ya kihistoria ya bonde hilo, ukiwemo mnara wa Dharahara. Mnara huo uliwahi kuharibiwa na tetemeko la mwaka 1934 na kujengwa upya.

### Kipindi cha marudio

Matokeo ya hesabu za tishio hutolewa kwa lugha ya uwezekano. Kipimo kinachotumika sana kwa majengo ya kawaida ni mtikisiko unaokadiriwa kurudi kwa wastani mara moja kila miaka 475. Maana yake ni kwamba katika miaka 50, ambayo huchukuliwa kuwa maisha ya kawaida ya jengo, uwezekano wa kutokea mtikisiko huo au mkubwa zaidi ni takriban asilimia 10.

Kwa jengo la kale hesabu hiyo hubadilika. Watu hawataki hekalu au msikiti wa kale udumu miaka 50 tu, bali karne nyingi zijazo. Ukichukua miaka 500 badala ya 50, uwezekano wa mtikisiko uleule hupanda hadi takriban asilimia 65. Kwa maneno mengine, tetemeko ambalo kwa nyumba ya kawaida ni jambo la nadra, kwa jengo la kale ni jambo la kutarajiwa.

## Kuchunguza udhaifu wa jengo

### Jinsi majengo ya kale yanavyobomoka

Majengo mengi ya kale yalijengwa kwa mawe au matofali yaliyoshikanishwa kwa chokaa au udongo. Kuta za aina hiyo hustahimili sana kubanwa na uzito kutoka juu, lakini hazistahimili kuvutwa. Tetemeko husukuma jengo kwa upande, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Njia za kawaida za kubomoka ni hizi:

- Ukuta hujitenga na kuta za pembeni na kuangukia nje. Hutokea hasa pale ambapo pembe hazikufungamana vizuri au paa halikufungwa kwenye ukuta.
- Tao au kuba hufunguka kwa sababu nguzo zake husogea mbali kidogo. Sentimita chache zaweza kutosha kulegeza mawe ya juu.
- Ukuta hupata nyufa za mshazari zinazokutana kwa umbo la X, hasa kati ya madirisha.
- Ukuta wenye tabaka mbili za mawe na kifusi katikati hupasuka kwa ndani, tabaka la nje likamenyeka.

Nguzo za mahekalu ya Kigiriki zina tabia tofauti. Zilijengwa kwa vipande vya mawe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine bila chokaa. Zikitikiswa huyumba na vipande huteleza kidogo, kisha nguzo huweza kurudi mahali pake. Mwaka 1963 mhandisi Mmarekani George Housner alionyesha kwamba kati ya vitu viwili vyenye uwiano uleule wa kimo na upana, kile kikubwa ni vigumu zaidi kuangushwa na tetemeko. Hii ni sababu mojawapo ya nguzo kubwa kubaki zimesimama katika maeneo yenye matetemeko mengi.

Majengo ya matofali mabichi ya udongo yamo katika kundi lenye udhaifu mkubwa zaidi. Tarehe 26 Desemba 2003 tetemeko lenye ukubwa wa 6.6 lilipiga mji wa Bam nchini Iran. Zaidi ya watu 26,000 walikufa, na ngome ya kale ya mji huo, iliyojengwa kwa udongo, ilibomoka kwa sehemu kubwa.

### Njia za uchunguzi

Uchunguzi huanza kwa historia ya jengo: lilijengwa lini, kwa awamu ngapi, liliharibika lini na lilikarabatiwa vipi. Baada ya hapo hufuata vipimo ambavyo kadiri inavyowezekana havitoboi wala kubomoa kitu:

- Umbo la jengo hupimwa kwa leza na kwa picha nyingi, hata kuta zilizoinama na makuba yaliyobonyea yakaonekana kwa usahihi.
- Rada na mawimbi ya sauti hutumika kutafuta mianya na kifusi ndani ya kuta nene.
- Sampuli ndogo za chokaa na mawe huchunguzwa maabara.
- Jeki bapa huingizwa katika mfereji mwembamba uliokatwa kwenye ukuta ili kujua ukuta umebeba uzito kiasi gani.
- Vyombo vinavyopima mtikisiko, viitwavyo akselerometa, hufungwa sehemu mbalimbali za jengo.

Kipimo hiki cha mwisho kina umuhimu wa pekee. Kila jengo huyumba kwa mwendo wake lenyewe hata likisukumwa na upepo au magari ya barabarani, ingawa macho hayaoni. Mwendo huo ukipungua kasi kadiri miaka inavyopita, huenda jengo linalegea. Vilevile husaidia kukagua mfano wa jengo uliotengenezwa kwenye kompyuta: ikiwa mfano hauyumbi kama jengo halisi, matokeo yake hayawezi kuaminika.

## Mfano wa Hagia Sofia

### Historia ya kuporomoka na kujengwa upya

Hagia Sofia ilijengwa Konstantinopoli kati ya miaka 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justiniani I. Wasanifu wake walikuwa Anthemius wa Tralles na Isidorus wa Miletus. Kuba lake kubwa lina upana wa takriban mita 31 na kilele chake kiko takriban mita 55 juu ya sakafu. Kuba hilo hubebwa na matao manne makubwa yaliyosimama juu ya nguzo nne nene.

Kazi ilikwenda haraka sana. Chokaa iliyotumika, iliyochanganywa na matofali yaliyopondwa, ilihitaji muda mrefu kukauka na kuwa ngumu, hivyo nguzo na kuta ziliinama kwa nje chini ya uzito kabla ya jengo kukamilika. Matetemeko ya miaka 553 na 557 yaliongeza nyufa, na mwezi Mei 558 kuba la kwanza liliporomoka. Isidorus Mdogo alijenga kuba jipya lililoinuka zaidi kwa takriban mita 6, ili lisisukume sana matao kwa upande. Kanisa liliwekwa wakfu tena mwaka 562.

Kuba hilo la pili nalo halikubaki zima. Tetemeko la mwaka 989 liliangusha upande wa magharibi, na msanifu Mwarmenia Trdat akaujenga upya hadi mwaka 994. Mwaka 1346 ulianguka upande wa mashariki. Kwa hiyo kuba linaloonekana leo ni kazi ya vipindi vitatu tofauti, na msingi wake si duara kamili.

Baada ya mwaka 1453 Waosmani waliligeuza kanisa kuwa msikiti. Katika karne ya 16 msanifu Mimar Sinan aliongeza kuta nene za nje za kuegemeza jengo. Kati ya 1847 na 1849 ndugu Gaspare na Giuseppe Fossati walifanya ukarabati mkubwa, pamoja na kuzungushia kuba mkanda wa chuma.

### Kile kinachofundishwa na historia hiyo

Mara zote tatu sehemu zilizoanguka zilikuwa upande wa mashariki au magharibi, wakati matao makubwa ya kaskazini na kusini yamebaki tangu karne ya 6. Hivyo historia peke yake huonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi. Kama mtu angeangalia tu tarehe ya ujenzi, angesema kuba limedumu karibu miaka 1,500. Ukweli ni kwamba limeanguka lote mara moja na nusunusu mara mbili.

### Vipimo vya kisasa

Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boğaziçi cha Istanbul, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani, walifunga akselerometa ndani ya jengo, kuanzia sakafuni hadi chini ya kuba. Vyombo hivyo vilionyesha kwamba katika hali tulivu jengo huyumba karibu mara mbili kwa sekunde. Likitikiswa kwa nguvu zaidi huyumba polepole zaidi. Hiyo ni dalili kwamba wakati wa mtikisiko nyufa hufunguka kidogo na kuta hulegea. Kwa sababu hiyo nguvu za jengo katika tetemeko kubwa haziwezi kukisiwa kwa kuzidisha tu vipimo vya tetemeko dogo.

Uchunguzi wa chokaa ulileta habari njema. Mchanganyiko wa chokaa na matofali yaliyopondwa ulioonekana kuwa kasoro wakati wa ujenzi kwa sababu ya kukauka polepole, baadaye uligeuka kuwa mgumu na wenye uwezo wa kustahimili kuvutwa kuliko chokaa ya kawaida.

### Tishio la leo

Ufa mkubwa wa Anatolia Kaskazini hupita chini ya Bahari ya Marmara, takriban kilomita 20 kusini mwa jiji. Matetemeko ya miaka 1509 na 1766 yaliharibu sana Istanbul. Hilo la 1766 liliangusha kuba la Msikiti wa Fatih, nao ukajengwa upya kwa ramani tofauti. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko la İzmit, lililotokea karibu kilomita 90 mashariki mwa Istanbul, liliua zaidi ya watu 17,000. Hagia Sofia haikuanguka, na vyombo vilivyomo vilirekodi mtikisiko huo.

Baada ya tetemeko hilo, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba uwezekano wa Istanbul kupata mtikisiko mkali katika miaka 30 iliyofuata ulikuwa takriban asilimia 62, ukiweza kuzidi au kupungua kwa 15. Tarehe 23 Aprili 2025 tetemeko lenye ukubwa wa 6.2 lilitokea chini ya Bahari ya Marmara. Hilo si tetemeko kubwa linaloogopwa, kwa hiyo tishio halijaisha.

## Ukarabati unaoongeza hatari

Tathmini nyingi zimegundua kwamba udhaifu mkubwa wa jengo la kale hautokani na mafundi wa kwanza, bali na mambo yaliyoongezwa baadaye.

Basilika la Mt. Fransisko, Assisi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko lilipiga mkoa wa Umbria nchini Italia. Asubuhi watawa na wataalamu waliingia katika kanisa la juu kukagua nyufa. Kabla ya saa sita mchana tetemeko la pili, kubwa zaidi, lilifika. Sehemu mbili za dari la matao ziliporomoka na kuua watu wanne, watawa wawili na mafundi wawili. Sehemu ya michoro ya Cimabue ilisambaratika vipande vipande. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifusi kilichorundikana juu ya dari kwa karne nyingi, kutokana na matengenezo ya paa, kiliongeza uzito bila kuongeza nguvu. Kifusi kiliondolewa, dari likaimarishwa kwa juu, na kanisa likafunguliwa tena Novemba 1999.

Parthenon, Athens. Wajenzi wa karne ya 5 KK waliunganisha mawe ya marumaru kwa vibano vya chuma vilivyofunikwa kwa risasi ili visipate kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukarabati ulitumia vyuma vipya bila kinga hiyo. Chuma kilishika kutu, kikavimba na kupasua marumaru. Wakarabati wa leo wanaviondoa na kuweka vibano vya titani.

Kasthamandap, Kathmandu. Jengo hilo la mbao na matofali liliporomoka katika tetemeko la 2015. Wanaakiolojia walipochimba waligundua kwamba misingi yake ya kale ilikuwa bado imara. Udhaifu ulikuwa pale nguzo kuu za mbao zilipokutana na msingi.

Mapaa ya zege ni tatizo jingine. Nchini Italia nyumba nyingi za mawe ziliwekewa mapaa na mikanda mizito ya zege kwa nia ya kuziimarisha. Mwaka 1997 wahandisi waliona kwamba baadhi ya kuta dhaifu zilipondeka chini ya uzito huo huku paa likibaki zima.

## Viwango na kanuni

Kwa kuwa nchi kama Italia ina maelfu ya majengo ya kihistoria, haiwezekani kuyachunguza yote kwa kina. Mwongozo wa Italia wa mwaka 2007, uliorekebishwa 2011, una viwango vitatu vya tathmini. Cha kwanza ni hesabu nyepesi kwa majengo mengi ya eneo zima, ili kujua yapi yashughulikiwe kwanza. Cha pili huchunguza sehemu moja moja za jengo zinazotarajiwa kukarabatiwa. Cha tatu ni uchunguzi kamili wa jengo zima.

Kimataifa, Baraza la Kimataifa la Minara na Maeneo ya Kihistoria (ICOMOS) lilipitisha kanuni za uchunguzi na uimarishaji wa majengo ya urithi mwaka 2003, katika mkutano uliofanyika Victoria Falls, Zimbabwe. Kanuni hizo hufananisha kazi hii na ya daktari: kwanza historia ya mgonjwa, halafu kutambua ugonjwa, kisha tiba, na mwisho kufuatilia hali yake. Hakuna hatua ichukuliwe bila faida yake kulinganishwa na madhara yake. Inapowezekana, kilichoongezwa kiwe kinaweza kuondolewa baadaye kikipatikana kilicho bora.

## Hatua baada ya tathmini

Hatua zinazochaguliwa mara nyingi ni ndogo kuliko zinavyotarajiwa:

- kufunga kuta zinazotazamana kwa fito za chuma ili zisiachane;
- kufungamanisha paa na sakafu za mbao na kuta;
- kujaza mianya ya ukuta kwa chokaa nyepesi inayolingana na ya awali, badala ya saruji;
- kuondoa uzito usio wa lazima juu ya dari na matao;
- kufunga sanamu na vyombo vya makumbusho ili visianguke;
- kupima na kupiga picha jengo lote, ili likiharibika ijulikane lilikuwaje;
- kupunguza idadi ya watu wanaoingia sehemu zilizo dhaifu.

Mpango wa baada ya tetemeko pia ni sehemu ya kazi. Vifo vya Assisi vilifundisha kwamba jengo lililopasuka halipaswi kukaguliwa kwa ndani wakati matetemeko ya pili bado yanatarajiwa, isipokuwa kwa tahadhari kubwa. Huko Patan, Nepal, michongo ya mbao ilikusanywa kutoka kwenye kifusi na kuhifadhiwa, hata ikaweza kutumika tena katika kujenga upya mahekalu. Mahali ambapo kifusi huzolewa ovyo kwa matingatinga, nafasi hiyo hupotea.

## Afrika ya Mashariki

Bonde la Ufa hupita Afrika ya Mashariki, na matetemeko makubwa yamewahi kutokea. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea eneo la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi za matofali mjini Bukoba na vijijini.

Majengo ya kale ya mawe ya Waswahili yako pwani, mbali na matawi makuu ya Bonde la Ufa. Hata hivyo pwani haiko nje ya tishio kabisa. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari kusini mashariki mwa Dar es Salaam, likasikika jijini humo na Zanzibar.

Kwa upande wa udhaifu, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pamoja na majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mawimbi ya bahari, chumvi, mvua na mizizi ya miti huyadhoofisha mwaka hadi mwaka. Kilwa iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, kutokana na uchakavu na mmomonyoko, si kwa sababu ya matetemeko. Mjini Zanzibar sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pasipo tetemeko lolote.

Matukio hayo yanaonyesha kwamba mahali ambapo tishio ni dogo, hatari bado yaweza kuongezeka kwa udhaifu peke yake. Jengo linalokaribia kuanguka kwa uzito wake halihitaji tetemeko kubwa. Kwa hiyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki matengenezo ya kawaida, kama kuziba nyufa, kung'oa mizizi na kubadilisha boriti zilizooza, ni kinga pia dhidi ya matetemeko.

## Mipaka ya tathmini

Tathmini haitabiri siku ya tetemeko. Inaeleza uwezekano tu, na makadirio yake hubadilika habari mpya zikipatikana. Mifano ya kompyuta hutegemea vipimo vya kuta ambazo ndani yake hazionekani zote, na wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kuhusu jengo moja.

Kuna pia maamuzi yasiyo ya kihandisi. Jengo linalotumika kwa ibada haliwezi kufungwa kirahisi kwa miaka ya ukarabati, na fedha zinazotumika kuimarisha kanisa au msikiti mmoja zingeweza kuimarisha shule kadhaa. Tathmini haimalizi mijadala hiyo. Kazi yake ni kuhakikisha wanaoamua wanajua sehemu gani ya jengo itaanguka kwanza, itaangukia nini, na inagharimu nini kuizuia isianguke.

## Tazama pia

- Tetemeko la ardhi
- Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki
- Hagia Sofia
- Kilwa Kisiwani
- Mji Mkongwe (Zanzibar)
- Urithi wa Dunia